Kubashiri saratani si kuigundua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe jambo ninalolisikia mara kwa mara hapa Tanga, hata kwa watu waliosoma, kwamba siku hizi saratani inagunduliwa kwa kupima RNA, yaani molekuli zinazonakiliwa kutoka kwenye vinasaba vya seli, katika tone la damu. Utafiti wa namna hiyo upo, lakini sehemu kubwa ya kinachoandikwa inahusu viashiria vya ubashiri, yaani alama zinazomweleza daktari, baada ya saratani kuthibitishwa, kama uvimbe huo unaelekea kusambaa au la.

RNA zinazohusika hazibebi maelekezo ya kutengeneza protini; zipo fupi, ziitwazo mikro-RNA, na zipo ndefu. Mikro-RNA ya kwanza iliripotiwa mwaka 1993 katika mnyoo mdogo mno, kazi iliyowapatia Victor Ambros na Gary Ruvkun Tuzo ya Nobeli mwaka 2024. Kwa upande wa RNA ndefu, mwaka 2010 ilionyeshwa kuwa wanawake ambao uvimbe wao wa matiti una kiwango kikubwa cha mojawapo, iitwayo HOTAIR, wamo katika hatari zaidi ya saratani kusambaa na kuwaua. Watafiti waliweza kusema hivyo kwa sababu walikuwa na vinyama, yaani vipande vidogo vilivyokatwa kwenye uvimbe, vilivyohifadhiwa kwa miaka, na kumbukumbu za nani aliishi na nani alifariki.

Vinyama hata sisi tunavyo. Kinachokatwa hutiwa formalini, dawa ya kuzuia kuoza, kisha parafini, aina ya nta, na mikro-RNA, kwa kuwa ni fupi, yenye herufi kama 22 tu, huvumilia hayo vizuri kuliko RNA ndefu. Tunachokosa ni kumbukumbu. Mgonjwa wa Pangani au Lushoto hupewa rufaa ya taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, akatibiwa, akarudi kijijini, na habari zake zikaishia hapo. Nilipokuwa kazini maabara niliwahi kupiga namba iliyoandikwa kwenye faili, ikapokelewa na muuza samaki asiyemjua mgonjwa kabisa. Bila kujua mwisho wa wagonjwa wetu, hatuwezi kupima kama kiashiria kilichothibitishwa kwa wagonjwa wa Ulaya au Marekani kinasema kweli kwa mwanamke wa Muheza.

Ninachopendekeza hakihitaji mashine: zahanati ya kijiji itoe taarifa mara moja kwa mwaka, kwa hospitali iliyokata kinyama, kuhusu hali ya kila mgonjwa wake wa saratani.

Fundi sanifu maabara mstaafu,
Ngamiani, Tanga