Tuonyesheni nguzo, ghorofa tutaliona wenyewe

Ndugu Mhariri,

Nimefuatilia barua za wasomaji kuhusu maghorofa marefu yanayojengwa juu ya stesheni za treni. Karibu zote zinabishania kimo. Huyu anasema jengo linapendezesha mji, yule anasema linaziba jua. Sijaona hata mmoja aliyeuliza nguzo za jengo lenyewe zitakanyaga wapi.

Mimi ni fundi vyuma mstaafu. Nimefunga mihimili miaka 26, na miwili kati ya hiyo niliimalizia juu ya stesheni ambayo haikufungwa hata siku moja. Mchana treni zilipita chini yetu, abiria wakitutazama kama kunguru waliotua darini. Kazi nzito ilifanyika usiku. Treni ya mwisho ikishaondoka, umeme wa njia unakatwa, mtu wa reli anakuja na karatasi yake, anasaini, nyapara wetu anasaini, ndipo tunapanda. Saa kumi alfajiri kila kitu kiwe kimefungwa au kimeshushwa. Ukitoa muda wa kukagua na kufagia, mlibaki na saa mbili na nusu za kazi yenyewe. Anayeshangaa kwa nini majengo ya aina hii huchelewa apige hesabu hiyo.

Kila spana ilifungwa kamba mkononi. Hata hivyo usiku mmoja, saa tisa na nusu, mwenzangu aliponyokwa na nati. Kazi ikasimama. Watu kumi na wawili tukashuka na tochi, tukainama kati ya mataruma tukichambua kokoto kama wanaochagua mchele. Tuliipata imelala kando ya reli, na treni ya kwanza ikachelewa dakika kumi na moja. Nyapara hakugomba. Aliitia mfukoni, na kila siku kabla ya zamu alikuwa akiitoa na kuiweka mezani mbele yetu bila kusema neno.

Lakini nati huokotwa. Nguzo haiondoki.

Reli huwa imetangulia, na treni haikwepi kitu. Kwa hiyo nguzo ya jengo ina sehemu mbili tu za kusimama: kwenye upenyo kati ya njia na njia, au juu ya jukwaa la abiria. Kwenye mchoro huwa ni alama ndogo, utadhani tone la wino. Kisha chuma kinavikwa zege ili kihimili moto, na kihimili treni ikiacha njia na kukigonga. Juu ya zege linakuja pambo la nje. Nguzo moja niliyoifunga mwenyewe ilipokwisha kuvikwa sikuweza kuikumbatia, na mimi si mtu wa mikono mifupi. Walikuwa wameiweka hatua nne tu kutoka mwisho wa ngazi.

Baada ya miaka nikapita pale kama abiria, saa ya watu kutoka kazini. Umati ulishuka ngazi, ukafika kwenye nguzo yangu, ukapasuka pande mbili. Upande wa treni palibaki pa kupita mtu mmoja na begi lake. Mama mwenye kigari cha mtoto alisimama nyuma yangu akingoja watu wapungue, na treni yake ikaondoka. Siku zile tuliuliza kama haiwezi kusogezwa. Tukajibiwa kwamba ofisi za juu zimeshapangwa.

Hapo ndipo penye ugomvi wenyewe. Nguzo inaweza kuepukwa kwa kuweka mhimili mkubwa unaopokea mzigo wa juu na kuusogeza pembeni. Mhimili huo ni ghali na unakula nafasi ambayo ingekuwa ya kupangisha. Mwenye jengo akibana matumizi, anayelipa ni anayeshuka ngazi.

Mifano ya pande zote mbili ipo. New York walianza kuibomoa Penn Station ya mwaka 1910 mnamo 1963, wakaweka juu ya njia zake za treni ukumbi wa michezo na jengo la ofisi. Watu hulilia ule ukumbi wa mawe wa stesheni ya zamani uliopotea, na wana haki, ila mimi huziangalia zaidi nguzo zilizoshuka hadi kwenye majukwaa ambayo tangu mwanzo yalikuwa membamba. London, juu ya njia zinazoingia stesheni ya Liverpool Street, kuna Exchange House, jengo la ghorofa kumi lililokamilika 1990. Limebebwa na matao ya chuma yanayoruka mita 78 kutoka upande hadi upande, reli zikabaki huru chini yake. Na huko huko New York, 270 Park Avenue, jengo la ghorofa 60 lililofunguliwa 2025, lina njia za treni za stesheni ya Grand Central chini yake. Nguzo zake zimetanuka kama vidole juu, zikakusanyika chini kwenye sehemu chache. Kwa hiyo fundi asiambiwe kwamba haiwezekani.

Wala si lazima jengo likae kichwani mwa stesheni ndipo liisaidie. One Vanderbilt, ghorofa refu la New York lililofunguliwa 2020, limesimama kando tu ya Grand Central, na wajenzi wake waligharimia ngazi, njia na maboresho mengine ya usafiri ya dola milioni 220 ili waruhusiwe kwenda juu zaidi.

Sipingi maghorofa, yamenilisha. Ninachoomba ni kwamba wanaotaka kujenga wasituletee tena ile picha ya jengo linalong'aa machweo. Watuletee mchoro wa jukwaa, kila nguzo ikiwa imechorwa kwa unene wake wa mwisho, zege na pambo vikiwemo, na kando yake iandikwe imebaki sentimita ngapi hadi ukingoni. Mkiupata, Mhariri, uchapisheni ukurasa mzima. Nitanunua nakala mbili, moja ya kusoma na moja ya kuwekea rula.

Fundi vyuma mstaafu