Ukurasa wa burudani uzikumbuke bendi ndogo za mitaani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagusa wasomaji wako wapenda muziki, na linaloigusa pia meza yako ya burudani. Hapa Dar es Salaam zipo bendi zinazopiga muziki wa laivu kila mwisho wa wiki katika baa na kumbi ndogo za Temeke, Mbagala, Kinondoni na Sinza, zenye waimbaji na wapiga magitaa hodari, lakini mkazi wa mtaa wa pili hajui hata majina yao. Hazina video za kupelekwa kwenye televisheni wala meneja wa kuzisemea. Na kwa kuwa mwandishi wa burudani humfuata yule ambaye tayari ameandikwa, jina la bendi huishia kwenye bango la kitambaa lililofungwa juu ya lango la baa.

Ombi langu ni kwamba ukurasa wako utenge safu ndogo kila Ijumaa kwa ajili ya ratiba za bendi hizo. Siombi sifa wala uhakiki; naomba msomaji ajue nani anapiga wapi. Sababu za ombi hili zinahitaji maelezo, kwa maana wapo watakaoliona kuwa ni hisani kwa wanamuziki wasiofika mbali.

Bendi tunazoziheshimu leo zilikuwa na mtu wa kuzibeba. Msondo Ngoma ilianza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, ikiwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadilika nayo ikabadili jina, ikawa JUWATA na baadaye OTTU. Mlimani Park Orchestra, ambayo wengi wetu tunaiita Sikinde, ilianzishwa mwaka 1978 ikachukua jina la baa ambamo ilikuwa ikipiga, na baadaye ikawa mali ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, Bima Lee ya Shirika la Bima la Taifa, na Mwenge Jazz ya jeshi. Katika utaratibu huo mwenye bendi alinunua vyombo na kumlipa mwanamuziki mshahara hata kama ukumbi ulikuwa nusu mtupu. Kwa hiyo bendi iliweza kuuleta wimbo mpya mbele ya wachezaji wiki baada ya wiki, ikapunguza ubeti hapa na kurefusha gitaa pale, na ulipokwisha kukomaa ndipo ukapelekwa kurekodiwa Radio Tanzania. Tunapousifu utunzi wa marehemu Muhiddin Maalim Gurumo, mwimbaji aliyepitia Msondo na Sikinde, tukumbuke kwamba nyuma yake ulikuwapo ukumbi uliojaa watu waliokubali kusikiliza wimbo ambao bado haukuwa na jina.

Mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990 yaliyaondoa mashirika mengi ya umma katika biashara hiyo, na hakuna aliyechukua nafasi yake kwa ukamilifu. Bendi ndogo ya leo hukodi vyombo, au humtegemea mwenye vyombo ambaye huchukua fungu lake kabla ya mtu mwingine yeyote, kisha hupatana na mwenye baa kwa njia mojawapo kati ya mbili. Ama bendi inachukua kiingilio cha mlangoni na baa inabaki na mauzo ya vinywaji, ama baa inailipa bendi kiasi kilichokubaliwa na kuwatangazia wateja kuwa kiingilio ni kinywaji chako. Njia hii ya pili inapendwa sana na wateja, nami sishangai, lakini inamfanya msikilizaji aamini kwamba amekwisha kuwalipa wanamuziki wakati amelipia bia au soda tu. Biashara ikiwa mbaya, kitu cha kwanza mwenye baa anachopunguza ni bendi. Analeta diijei mmoja mwenye kompyuta, na watu kumi waliokuwa wakigawana ujira wa usiku wanarudi nyumbani. Simlaumu mwenye baa, kwa sababu naye ana kodi na umeme wa kulipa. Nasema tu kwamba kiti cha mfadhili kimebaki kwetu sisi tunaoingia mlangoni, tupende tusipende.

Ndiyo maana inanikera ninapowaona watu wenye uwezo, wengine wamekuja na magari yao, wakibishana na kijana wa mlangoni juu ya kiingilio kisichofika bei ya chakula watakachoagiza wakishakaa. Wengine hudai kuwa ni marafiki wa mwimbaji. Rafiki wa mwimbaji ndiye angepaswa kulipa wa kwanza.

Jambo la pili ni kopi. Bendi hizi hutumia sehemu kubwa ya usiku kupiga nyimbo za wengine, na lawama hutupiwa wao kwamba hawana ubunifu, ilhali sisi wateja ndio tunaozipigia kelele. Marehemu Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji na mpiga gitaa aliyefariki mwaka 1979, angali anaombwa mpaka leo, nami mwenyewe nyimbo zake huniinua kitini. Lakini Mbaraka huyohuyo alikuwa kijana ndani ya Morogoro Jazz kabla ya kuwa jina kubwa, na kama wapenzi wa dansi wa Morogoro wangemtaka apige za wenzake tu, tusingekuwa na kitu cha kuomba leo. Nimewahi kushuhudia bendi ikianza wimbo wake mpya, na papo hapo nusu ya wachezaji wakarudi kwenye meza zao. Mpiga solo akamtazama kiongozi wa bendi, wimbo ukakatishwa, kopi ikarudi. Msikilizaji anayebaki uwanjani kwa dakika hizo chache, au anayemfuata kiongozi wakati wa mapumziko na kumwambia kuwa wimbo ule ni mzuri ila kiitikio kimechelewa, anafanya kazi ambayo hakuna redio itakayoifanya.

Kuhusu kutunza nina neno moja. Desturi yetu ya kumwendea mwimbaji na kumpa noti ni nzuri, ila inamnufaisha aliye mbele, huku mpiga besi na mpiga tumba wakiwa gizani. Zipo bendi zinazokusanya tuzo zote na kugawana, na zipo ambazo kila mtu hubaki na chake. Si vibaya kuuliza, au kupita nyuma ya jukwaa na kumpa mwenye besi cha kwake. Vilevile, anayerekodi kwa simu na kurusha mtandaoni ataje jina la bendi, ukumbi na siku wanayopiga, maana picha isiyo na jina haimleti mtu ukumbini. Na kama wimbo ni mpya na haujarekodiwa, aombe ruhusa kwanza.

Wapo watakaosema kwamba kumbi hizi zina kelele, na kwamba wanaolala jirani wana haki zao. Ni kweli kabisa. Lakini mara nyingi kinachomkosesha jirani usingizi ni spika zinazoelekezwa barabarani mpaka alfajiri, na bendi inayoanza saa kumi na moja jioni siku ya Jumapili, kama yanavyofanya mabonanza kadhaa, huweza kumaliza kazi yake mapema. Muda huo unawafaa pia kina mama na wazee, na wote tunaotegemea daladala kurudi nyumbani. Ningependa wenye baa walifikirie hilo.

Ndugu zetu wa Unguja wametutangulia kwa kiasi fulani. Wana tamasha la Sauti za Busara tangu mwaka 2004, na wana Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi tangu mwaka 2002, ambako kijana hujifunza ala za nyuzi za udi na kanuni, pamoja na ngoma, kisha akapata mahali pa kupigia mbele ya watu. Hata hivyo tamasha ni la siku chache kwa mwaka, na kikundi cha kidumbak, muziki wa mitaani ulio ndugu wa taarab, chenye fidla, sanduku la besi, ngoma ndogo mbili ziitwazo vidumbak, vijiti vya mkwasa na manyanga ya cherewa, kinahitaji harusi na baraza za mwaka mzima. Bara au Visiwani, hesabu ni ileile.

Narudi kwenye ombi langu, Ndugu Mhariri. Safu yenyewe haihitaji mwandishi wa kuajiriwa. Inatosha gazeti litoe namba moja ya simu ambayo viongozi wa bendi watatuma ujumbe kabla ya Jumatano, nanyi mkachapa jina la bendi, ukumbi na mtaa wake, siku, saa ya kuanza na kiingilio. Saa ya kuanza iwe ya kweli. Bendi itakayotangaza saa mbili na kupanda jukwaani saa tano iondolewe kwenye orodha kwa mwezi mzima, na wasomaji tuelezwe sababu.

Wako,
Mpenzi wa muziki wa dansi,
Temeke, Dar es Salaam.