YAH: MALALAMIKO KUHUSU MBUZI WA MAZIWA WASIO NA PEMBE MLIOTUUZIA

Kikundi cha Wafugaji wa Mbuzi,
Sikonge, Tabora.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwaka jana tulinunua kwenu mbuzi aina ya Saanen, majike kumi na mabeberu wawili, wote wasio na pembe. Kipeperushi chenu kilisema wasio na pembe ndiyo mbegu bora, tusiwachanganye na wenye pembe. Tukafuata. Majike walifugwa bandani na hakuna aliyewapanda isipokuwa mabeberu wenu.

Walipozaa, baadhi ya watoto wakaota pembe. Mtaalamu wenu alipofika aliwaambia akina mama wa kikundi, mbele ya watu, kwamba wamezembea hadi mbuzi wakapandwa na beberu wa jirani. Kauli hiyo imetuumiza sana, na si kweli. Mbuzi hurithi vinasaba viwili vya sifa hii, kimoja kwa baba na kingine kwa mama, na kile cha kukosa pembe hukifunika kile cha pembe. Kwa hiyo mbuzi asiye na pembe anaweza kubeba kinasaba cha pembe bila kuonekana. Wakikutana wawili wa namna hiyo, kwa wastani robo ya watoto wao huota pembe. Jirani hahusiki hapo. Anayeuza mbegu anapaswa kulijua hili kabla ya kumtuhumu mtu.

Kubwa zaidi ni huntha, yaani mbuzi wenye maumbile ya kike na ya kiume kwa pamoja. Baadhi ya watoto tuliowapokea kama majike wamefikia umri wa kupandwa, lakini hawaingii kwenye joto (hawaonyeshi dalili za kutaka dume), wananuka beberu na wanapanda wenzao. Afisa mifugo amewakagua na kusema ni huntha, hawatazaa wala kukamuliwa. Sababu inajulikana: kinasaba kile kile kinachoondoa pembe, jike akikirithi kwa baba na kwa mama, huvuruga viungo vyake vya uzazi tangu akiwa tumboni. Hata beberu akiwa amebeba kimoja tu, mkipandisha wasio na pembe kwa wasio na pembe, tarajieni kwa wastani robo ya majike wawe huntha. Beberu akiwa amebeba viwili, ni nusu yao. Watafiti waliliandika jambo hili tangu miaka ya 1940, na kinga yake haina gharama: mzazi mmoja awe na pembe. Kipeperushi chenu kimeelekeza kinyume chake.

Kikundi chetu kinaendeshwa kwa kopa mbuzi, lipa mbuzi. Mtoto jike wa kwanza hupewa mwanachama anayesubiri. Hivyo walioathirika zaidi ni wale ambao hawakuwa na mbuzi kabisa; wamekata majani na kulisha mnyama asiyeweza kuwapa maziwa wala mtoto.

Tuliomba pia kumbukumbu za maziwa za mama wa mabeberu hao, hatukupewa. Beberu hakamuliwi, uwezo wake hupimwa kwa mama yake, dada zake na binti zake. Kichwa kisicho na pembe hakiongezi hata kikombe kimoja cha maziwa, na inaelekea ndicho pekee mlichokitazama mlipochagua.

Tunaomba mabeberu wote wawili wabadilishwe kwa wenye pembe, wasio na undugu na majike wetu, wakiwa na kumbukumbu za ukoo na za maziwa. Kila huntha alipwe kwa jike mzima. Kipeperushi kiondolewe, kwa kuwa tunafahamu wafugaji wa Urambo na Kaliua nao wanakitumia. Na mtaalamu wenu arudi kuwaomba radhi akina mama wale, mbele ya watu kama alivyowatuhumu.

Tunasubiri majibu kwa maandishi ndani ya siku 14, kabla hatujaanza tena kupandisha.

Katibu,
kwa niaba ya wanakikundi.

Nakala: Afisa Mifugo wa Wilaya.