Mbege ya Jumamosi haichukuliwi Alhamisi

Simu iliita Jumapili saa moja asubuhi, hata moto sijawasha. "Dada, mmetuuzia mbege iliyochacha. Mmetuaibisha mbele ya wakwe."

Sauti niliijua. Ni baba mmoja aliyechukua kwetu hapa Moshi ndoo sita za mbege, pombe yetu Wachagga ya ndizi na ulezi, siku ya Alhamisi, za sherehe ya kumuaga binti yake Jumamosi, Dar es Salaam. Wakati tunampimia nilimwambia: baba, hii inanyweka kesho, ikizidi sana keshokutwa asubuhi, na mifuniko usiikaze. Akacheka, akasema yeye kwao ni Kibosho, Uchaggani kabisa, mbege hafundishwi. Akaimimina kwenye madumu, akakaza mifuniko hadi mwisho, akayapakia kwenye buti la basi na jua la mchana juu yake. Kufika Korogwe dumu moja likapasuka, mbege yote juu ya mabegi ya watu. Zilizobaki zilifika salama, lakini zilipofunguliwa Jumamosi jioni zilikuwa siki.

Nilipomweleza akanipa jibu ambalo nalisikia karibu kila mwezi: "Mbona ile ya ndizi ya chupa, ya dukani, inakaa miezi na haichachi?"

Haichachi kwa sababu imesimamishwa. Kiwandani wakishachachusha ndizi, wanachuja mpaka kinywaji kinang'aa, wanakipasha moto au wanakitia dawa ya kuhifadhi ili hamira iliyomo ife au isifanye kazi tena, halafu wanakiziba. Ndani ya ile chupa hakuna kinachoendelea. Ndiyo maana ya Januari na ya Agosti zina ladha moja, na mtu wa Mwanza anakunywa kile kile anachokunywa mtu wa Tanga. Sina ugomvi nayo. Hata mimi naweka chupa mbili tatu nyumbani, kwa wageni wanaoogopa kunywa kitu chenye punje za ulezi zinazoelea.

Mbege haijasimamishwa. Ukiichukua kwangu bado inafanya kazi, inakula sukari ya ndizi na ya ulezi, inatoa hewa. Ile hewa ndiyo iliyopasua dumu Korogwe. Leo ina utamu na ukali kidogo, kesho ukali unapanda, keshokutwa tumbo la mnywaji ndilo litakalosema. Ukiniuliza mbege yangu inakaa muda gani, unaniuliza maandazi yanakaa muda gani.

Sasa suala la bei, maana najua ndilo mnalosubiri. Ndoo ya lita 20 tunauza shilingi 35,000, na kila wiki kuna anayeniambia kilabuni ataipata kwa 20,000. Ataipata. Twende taratibu.

Ndizi zinanunuliwa zikiwa zimekomaa, tunazivundika mpaka ziive sawasawa. Isiyoiva haina sukari ya kutosha, hiyo kapikie mtori. Tunamenya, tunachemsha kwenye pipa tangu alfajiri mpaka giza linaingia, mpaka ziwe nyekundu ya kahawia. Hapo usiondoke motoni, zikiungua chini pipa zima linanuka moshi na hakuna dawa. Zinaachwa zipoe, zinafunikwa, zinachachuka siku kama tano mpaka ziwe nyalu. Mwezi wa saba huku mlimani Kilimanjaro baridi inabana, nyalu inaweza kudai siku mbili zaidi, na mimi siwezi kuifokea.

Huku nyuma ulezi unashughulikiwa. Unalowekwa, unafunikwa na majani ya mgomba hadi uote, unaanikwa, unasagwa. Watu wengi hawaelewi kwa nini tunahangaika kuuotesha wakati unga wa ulezi umejaa sokoni. Punje ikiota, wanga wake unaanza kugeuka sukari. Unga wa ulezi usiooteshwa unakupa uji wa mtoto. Ulioota unakupa mso, uji wenye utamu wake bila hata kijiko cha sukari. Mso ukipoa tunauchanganya na nyalu iliyochujwa, tunatia msesewa, na kesho yake mbege iko tayari.

Msesewa ndio nilioumia nao zaidi kujifunza. Ni gome la mti, chungu kama kwinini, na kazi yake ni kuukata ule utamu. Ukizidisha, wageni wanadhani wamepewa dawa ya malaria. Ukipunguza, umeuza togwa. Mama yangu hakuwahi kunipa kipimo, alikuwa ananipa kata nionje, kisha ananiangalia uso. Na gome tunabandua upande mmoja tu wa mti, kwa sababu ukiuvua kuuzunguka wote unakufa, na kuotesha mwingine si kazi ya msimu mmoja. Wauza magome wa bei chee hawalijali hilo.

Kwa hiyo ndoo uliyoonyeshwa kwa 20,000, kitu kimepunguzwa mahali. Mara nyingi ni ulezi, maana ndio ghali. Wanachanganya na unga wa mahindi, au wanatumia usioota kisha wanatia sukari na hamira ya mikate. Inaumuka haraka, siku mbili tu ina povu zuri kweli. Onja uone. Utamu unakuja mbele, unapotea ghafla, halafu unabaki na harufu ya mkate mbichi. Na kichwa cha kesho yake kina habari zake.

Wapo wateja wanaotaka nifanye hivyo kwa makusudi. "Dada yangu, arusi ni kesho kutwa, weka hamira iwahi." Siweki. Mwaka juzi shemeji mmoja nilipomkatalia alikwenda kwa mwingine, akatengenezewa. Harusini wazee walipewa kata ya kwanza kama ilivyo desturi. Mzee wa kwanza akaonja, akampa wa pili. Wa pili akaonja, akaiweka chini. Hakuna aliyesema neno, na kimya kile kwa Wachagga ni kibaya kuliko matusi. Shemeji akatuma bodaboda kwangu saa tisa mchana kuuliza kama nina hata ndoo moja. Nilikuwa nayo moja, ya nyumbani. Nilimpa, na nilimtoza bei kamili.

Mwingine aliagiza nusu ya alichohitaji, akaongeza maji, halafu maji yakiifanya nyepesi akamimina humo pombe kali ya dukani "kurudisha nguvu". Watu wanaijua mbege kama kinywaji cha kukaa nacho jioni nzima mkiongea, wakanywa kwa kipimo walichozoea. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, inaingia ukumbini, nusu ya upande wa bwana harusi hawajitambui, na mshenga kalala mezani. Ile hela aliyookoa kwenye ndoo nne iliishia kwenye teksi za kuwarudisha watu makwao. Na bado kuna waliosema ni mbege yangu! Tangu siku ile, harusi ikiwa hapa Moshi mjini au vijijini, napenda kuleta mwenyewe na kusimamia kata ya kwanza.

Kuna pia ombi la "iliyolala", yaani iliyobaki jana nipunguze bei, mtu akaitie sukari kwake. Hiyo nawapa wafugaji wa nguruwe.

Sasa kwa mnaosafirisha, kwa kuwa yule baba alinifanya nifikirie. Pesa sikumrudishia, nilimwambia wazi. Ila miezi minne baadaye alipiga tena, safari hii ni ubarikio, yaani kipaimara, cha mtoto wa kaka yake, Dar es Salaam vile vile. Tulichofanya ni kupeleka nyalu iliyochujwa kwenye madumu yenye mifuniko iliyolegezwa, unga wa ulezi ulioota kwenye mfuko wake, na msesewa kwenye karatasi. Dada mmoja anayepika na mimi alipanda basi Alhamisi usiku. Ijumaa akapika mso huko huko Dar, Mbezi, akachanganya jioni, na Jumamosi mchana mbege ilikuwa siku yake hasa. Nauli yake kwenda na kurudi, posho na pa kulala analipa mteja. Baba alinung'unika kuhusu nauli, nikamkumbusha Korogwe.

Kwa mlio karibu, oda inatakiwa siku nane kabla, kumi mwezi wa sita na wa saba. Disemba ni habari nyingine. Wote mnapanda mlimani kurudi nyumbani wiki moja, ndizi zinapanda bei kila siku na ulezi unagombaniwa sokoni, hivyo oda za Krismasi tunafunga tarehe 10, na malipo ya awali ni nusu. Njoo na ndoo zako zilizosafishwa, zisizonuka mafuta wala sabuni. Na ukiniletea dumu lililowahi kubeba dizeli, kama alivyofanya mmoja wiki iliyopita, nitakurudisha nalo.