Kwa Baba Neema, kuhusu mashine ya vumbi

Majengo, Dodoma
Jumapili jioni

Baba Neema,

Mbukwa! Hamjambo huko Singida? Huku wazima, upepo tu ndio unaotunyanyasa. Ulikaa kimya mpaka nikadhani umehama nchi, kumbe ni ujenzi. Hongera sana, Semeni kaniambia kilichobaki ni rangi na milango miwili. Nakujibu haraka haraka kwa sababu Mashaka anashuka Dar Alhamisi na hela ya mashine keshapewa. Unamjua Mashaka: akifika Kariakoo bila maelekezo atakuletea ile yenye taa nyingi.

Picha zote mbili za mashine za kufyonza vumbi ulizoniuliza tuchague ipi nimeziona, ile inayokusanya uchafu kwenye mfuko na ile ya kopo. Chukua ya mfuko. Ila kwa sharti moja, nalo nitalirudia mpaka ukereke: mifuko yake inunuliwe siku hiyo hiyo, duka hilo hilo, ya kutosha mwaka mzima. Muuzaji akisema mifuko itakuja mwezi ujao, Mashaka aiache mashine hapo hapo mezani. Hapo ya kopo itakuwa afadhali, na shemeji atakuwa ameshinda.

Najua shemeji anaitaka ya kopo kwa kuwa uchafu unaonekana ukizunguka ndani, na pia hakuna cha kununua kila mara. Hoja hiyo ya pili ina uzito. Lakini aliangalie na vumbi lenyewe. Vumbi la Iyumbu hapa Dodoma, mnakohamia, ni laini kama poda, hasa kuanzia Juni mpaka mvua zianze, na magari ya kokoto bado yanapita mtaani kwenu kutwa. Ndani ya kopo hewa inazungushwa kwa kasi, na vitu vizito kama mchanga, nywele na makombo ya mkate vinatupwa pembeni na kushuka chini. Kazi hiyo inafanyika vizuri, sibishi. Ile chembe nyepesi haina uzito wa kutupwa pembeni. Inakwenda na hewa mpaka kwenye filta. Kwa hiyo kuziba kuko pale pale, kumehama tu kutoka kwenye mfuko unaoutupa kwenda kwenye filta unayoiosha. Na kwa vumbi la huku utaiosha kweli kweli.

Cha kuchekesha ni kwamba yule Mwingereza James Dyson, aliyetengeneza mifano ya majaribio 5,127 kabla ya kuipata mashine ya kopo iliyomridhisha, alianza kwa kukerwa na mfuko kuziba. Alikuwa na haki, mifuko ya enzi zile ilikuwa ya karatasi. Mpaka leo ya karatasi ina shida hiyo hiyo: vumbi laini linaziba vitundu vyake na mashine inakosa nguvu kabla mfuko haujafika hata nusu. Halafu ile taa nyekundu ya kuonyesha mfuko umejaa haipimi ujazo, inafuata mgandamizo wa hewa. Ndiyo maana watu wanafungua, wanakuta bado kuna nafasi, wanaukung'uta na kuurudisha. Ukiukung'uta yanatoka makapi, vumbi lililonasa kwenye vitundu halitoki. Taa ikiwaka baada ya kuhakikisha mpira wa kuvutia hewa na kichwa chake havijaziba, mfuko umekwisha kazi, utupe hata kama unakuuma.

Mifuko ninayoisema mimi ni ile myeupe isiyo ya karatasi, ya kitambaa kisichofumwa, malighafi ile ile ya barakoa za hospitali. Ina tabaka kadhaa, vumbi linaingia ndani ya unene wa kitambaa badala ya kuganda juu ya uso mmoja, kwa hiyo hewa inaendelea kupita hata mfuko ukikaribia kujaa. Mashaka aushike kwa vidole: ukikwaruza kama gazeti, sio huo. Na aangalie lile kadi gumu la mdomoni, lenye tundu katikati. Kila mashine ina umbo lake la kadi, na tofauti ya milimita tatu inatosha kuacha mwanya ambao vumbi litapita moja kwa moja kwenda kwenye mota. Asikubali maneno ya "hii inaingia zote". Auingize mwenyewe, afunge mfuniko, aone unafunga bila kulazimisha.

Idadi yake: mfuko wa lita mbili na nusu hadi tatu, kwa nyumba ya vyumba vitatu yenye makapeti, uhesabie mwezi mmoja mpaka mwezi na nusu, na kiangazi pungufu ya hapo. Achukue kumi na miwili. Mashine nyingine huja na mfuko wa kitambaa wenye zipu au kibanio, wa kumwaga na kutumia tena. Uwe nao kwa dharura tu. Kufuma kwake ni kwa wazi, vumbi laini linapita, na siku unayoutumia lazima ukaangalie filta ndogo iliyo mbele ya mota. Wa kushonewa na fundi cherehani usithubutu, hata kama Mama Neema ana cherehani nzuri.

Sasa la Neema, ambalo kwangu ndilo linaloamua. Mashine ya kopo ina dakika moja mbaya, ile ya kumwaga. Unabonyeza kitufe, kifuniko cha chini kinafunguka, donge la nywele linaanguka kwanza, halafu nyuma yake linatoka wingu la kijivu linalopanda juu hadi usoni. Kila ulichokivuta kwenye magodoro na makochi wiki nzima kimo humo, na kwa mtoto mwenye pumu hicho ndicho kichokozi. Mfuko unauvuta kwa kadi yake, unasukuma kile kifuniko kidogo cha mdomoni, tundu linafungwa, unatupa. Basi.

Ikibidi kuchukua ya kopo, basi imwagwe nje, upepo ukiwa mgongoni kwa mmwagaji, kopo liingizwe lote ndani ya kiroba cha unga kabla ya kubonyeza, na asilitoe mpaka vumbi litulie. Neema asiwe karibu. Na wasisubiri lijae, wakomee kwenye mstari wa juu kabisa ulioandikwa pembeni, maana likipita hapo mzunguko wa hewa unavurugika na kila kitu kinakimbilia filta.

Filta zenyewe, na hili ni kwa mashine zote mbili maana hata ya mfuko inazo, ila zinachafuka polepole. Sponji ioshwe kwa maji ya kawaida bila sabuni ya unga, ikamuliwe kwa kubana, isisokotwe, ikaushwe kivulini saa ishirini na nne kamili. Hewa ya Dodoma inadanganya: juu inakauka mapema, ndani bado kuna unyevu, na ukiirudisha hivyo vumbi linageuka tope na nyumba inanuka mbwa aliyenyeshewa. Ile ya makunyanzi ya karatasi ioshwe tu kama imeandikwa kwamba inaoshwa, vinginevyo igongwe taratibu kwenye ukingo wa ndoo. Kuna mtindo umezuka hapa mjini wa kuzipeleka kwa fundi pancha zipulizwe upepo. Zinatoka nyeupe, zinapendeza, na zimetoboka! Kompresa ya matairi inachana nyuzi za karatasi kwa matundu usiyoyaona kwa macho. Kinachofuata ni mota, kwa sababu kwenye mashine nyingi za ndani hewa ile ile iliyovutwa ndiyo inayoipoza. Vumbi likipenya linakula beringi na kaboni, zile brashi zinazopeleka umeme ndani ya mota. Ukianza kusikia mluzi mkali, ukaona cheche nyingi kwenye matundu ya nyuma na harufu ya kuungua, hapo inapelekwa kwa fundi, wala sio kubadilisha mfuko. Ikijizima yenyewe katikati ya kazi hilo ni jingine: imepata joto, kinga yake imekata. Chomoa, tafuta kilichoziba, iache ipoe nusu saa na zaidi.

Ununuzi wa filta ya pili uingie kwenye bajeti kama mtaichukua ya kopo. Moja inakauka, nyingine inafanya kazi. Bila hivyo mtu ataivaa mbichi, na huyo mtu nakutazama wewe.

Halafu usidanganywe na hiyo 2200 iliyoandikwa kwa wino mwekundu kwenye boksi. Wati ni umeme inaokula, sio nguvu ya kuvuta. Umoja wa Ulaya toka Septemba 2017 hauruhusu mashine mpya za majumbani za aina hii kuzidi wati 900, na makapeti ya huko yanasafishika. Hiyo ya mfuko ya wati 1600 ikifanya kazi nusu saa inakula uniti 0.8 za LUKU, na inavuta karibu ampea saba, kwa hiyo ile ekstensheni yako nyembamba ya kuchajia simu isiiguse kabisa. Kwenye umeme wa jua wako pia usijaribu, inveta ya wati 1000 haitaiwasha.

Filta ya mwisho iwe na alama ya H13 kama ipo. H13 maana yake inanasa angalau asilimia 99.95, hata ya zile chembe zinazopenya kirahisi kuliko zote. Lakini raba ya mfuniko ikiwa imelegea, hewa inapita pembeni ya filta na asilimia hiyo inabaki kwenye boksi. Kipimo cha dukani ni rahisi, mwambie Mashaka aiwashe, azibe mdomo wa mpira kwa kiganja. Sauti lazima ipande na kiganja king'ang'anie. Sauti isipobadilika, kuna mahali panavuja. Muuzaji akikataa kuwasha, tayari kajibu.

Jambo moja kuhusu kuhamia. Usafi wa kwanza wa nyumba mpya usifanywe na mashine hii, iwe ya mfuko au ya kopo. Vumbi la saruji na la jipsamu linaua filta na mfuko kwa siku moja, na likikutana na unyevu linaganda. Nyunyizieni maji kidogo, fagieni, pigeni deki mara mbili tatu, mfute na kuta na vioo. Au mkodishe ile ya pipa ya mafundi, inayovuta na maji, mota yake inapozwa na hewa ya pembeni. Na jivu la jiko la mkaa lisivutwe hata likionekana limepoa, ndani linaweza kuwa na kaa, na mfuko ukishika moto hutauona mpaka moshi utoke nyuma. Marumaru za sebuleni wala hazihitaji mashine kila siku, deki inatosha. Mashine iwe ya makapeti, makochi, magodoro na mapazia.

Nimeandika mengi, na bado najua utanipigia simu Jumatano usiku kuuliza "kwa hiyo ipi?" Ya mfuko, Baba Neema. Pamoja na mifuko.

Nijibu haya ili nimwandikie Mashaka maelekezo kamili: makapeti ni mangapi, na yana manyoya marefu au mafupi? Yale ya manyoya marefu yanataka kichwa chenye brashi inayozunguka, bei inapanda. Mmeshaziba mianya ya madirisha ya aluminiamu, au fundi bado anawazungusha? Nani atakuwa anaifanyia kazi, shemeji mwenyewe au dada wa kazi, na ngazi mnazo? Ya kilo saba kupandisha ngazi kila siku ni adhabu. Neema bado anatumia pampu usiku? Mzee ameshauza wale ng'ombe au bado anavizia bei ya Desemba? Na mzigo ukifika stendi nikaupokee mimi, au Semeni? Niambie mapema, maana Ijumaa nitakuwa Kondoa na simu inashika kwa kubahatisha.

Msalimie Mama Neema, mwambie sijapanga upande wowote.

Baba Eliya