Maamuzi ya programu yetu yasipotelee katika kundi la WhatsApp

Bwana Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji wenu mmoja aliwasihi vijana wanaotengeneza programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaweza kuzitumia na kuzirekebisha, hapa Lubumbashi waache kutawanyika na waweke mazungumzo yao yote katika kundi moja la WhatsApp, kwa sababu kila mtu anayo. Naona anawajali vijana hao, nami nawajali vilevile. Ila mimi naitumia programu yao kila siku katika farmasi yangu ndogo ya Katuba, na ushauri huo ukifuatwa, wa kwanza kuumia tutakuwa sisi watumiaji.

Programu yenyewe inahesabu dawa zilizomo stoo na kutuonya zipi zinakaribia kuisha muda, ili zitangulie kuuzwa. Sasa, maboksi mengi ya dawa hayana siku. Yana mwezi na mwaka tu, tuseme 03/2026, na dawa ya namna hiyo inafaa kutumika hadi siku ya mwisho ya Machi. Programu ilikuwa ikiihesabu imekufa tangu tarehe 1, yaani inatuamuru tuondoe rafuni dawa yenye mwezi mzima wa kuuzwa. Mwenzangu wa Likasi akauliza katika kundi letu la WhatsApp. Kijana mmoja mwenye subira akamjibu kwa ujumbe wa sauti: kwa nini iko hivyo, abadilishe wapi katika mipangilio, na toleo lijalo litarekebisha nini. Lilikuwa jibu zuri kabisa. Jioni ile ile zikaingia pole za msiba, picha za harusi na salamu za Jumapili. Miezi ikapita, farmasi moja ya Kipushi ikauliza jambo lile lile, na hakuna aliyeweza kuipata ile sauti. Sauti huwezi kuitafuta kwa neno. Aliyejiunga baadaye hana njia ya kusikia yaliyosemwa mwaka jana. Kijana aliyejibu alikuwa ameshaibiwa simu. Basi akaketi kueleza yote upya, jioni ambayo angeitumia kutengeneza programu.

Halafu kuna suala la namba. Katika kundi la WhatsApp, kwa kawaida namba yako inaonekana kwa wenzako wote, hata wale usiowajua. Tunao wenzetu Goma na Bukavu, na kwa hali ya huko tangu waasi wa M23 walipoiteka miji hiyo mwanzoni mwa 2025, mtu ana haki ya kutotaka namba yake izagae. Dada mmoja, mfamasia hodari, alijitoa kundini kwa sababu hiyo tu. Tumempoteza mtu aliyekuwa akikagua majina ya dawa kuliko sisi sote, na sijaona anayelizungumzia.

Ninachoomba ni hiki: kila swali, kila hitilafu na kila uamuzi viandikwe mahali pamoja, palepale msimbo, yaani maandishi yanayoiunda programu, unapohifadhiwa. GitHub na GitLab, tovuti za kuhifadhia msimbo, zote zina sehemu ya kazi hiyo. Swali linapewa kichwa chake, majibu yanakaa chini yake, na mradi ukiwa wa wazi mtu yeyote anasoma bila kujiandikisha na bila kutoa namba. Asiyeweza kufungua akaunti aandike barua pepe, na mmoja wa vijana amwekee swali lake pale. Kwa Kiswahili au Kifaransa, vyovyote anavyoweza. Maandishi hayali mega kama sauti zinavyokula, na sisi wa farmasi ndogo tunanunua mega kidogo kidogo.

WhatsApp ibaki. Naipenda, na salamu zina kazi yake. Watu wasiojuliana hali hawafanyi kazi pamoja muda mrefu. Ila jambo likiamuliwa humo, aliyeliuliza aliandike pale pa kudumu siku hiyo hiyo, hata mistari mitatu.

Nasikia wengine wanataka kuongeza Discord, Slack na Telegram, ambazo nazo ni za gumzo. Kwa nini, na sisi ni wachache hivi? Ukumbi ukigawanywa vyumba vinne, mgeni anabisha kila mlango na kukuta kimya, anaondoka akidhani mradi umekufa. Na ya bure ina masharti yake: Slack, tangu Septemba 2022, kwa wasiolipa inaonyesha ujumbe wa siku 90 tu. Dawa zangu nyingi zina muda mrefu kuliko huo.

Wakubwa wa kazi hii wanajua. Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, ilitangazwa kwa maandishi ya wazi mwaka 1991, na hadi leo mabadiliko ya kiini chake hujadiliwa kwa barua pepe ambazo yeyote anaweza kuzisoma. Mwaka 2021 mtandao wa gumzo wa Freenode, uliokuwa makao ya miradi mingi huria, uliingia katika mgogoro wa umiliki. Waliouendesha kwa kujitolea wakatoka na kuanzisha Libera.Chat, na miradi mingi ikahama nao. Kwa hiyo vijana wetu wawe na anwani yao wenyewe ya intaneti, waliyoilipia kwa jina la kundi, inayoelekeza watu mahali mazungumzo yalipo. Wakihama kesho, anwani haibadiliki.

Kuhusu mikutano ya moja kwa moja, ifanyike kwa nadra. Saa mbili usiku hapa kwetu ni saa moja Kinshasa na saa tatu Dar es Salaam, na hapo sijataja umeme. Tukumbuke pia intaneti ilivyokatwa nchi nzima baada ya uchaguzi, kuanzia 31 Desemba 2018, ikarudi karibu wiki tatu baadaye. Aliyekosekana muda kama huo anarudi na kukuta mamia ya ujumbe usio na kichwa wala mkia. Kwenye maswali yenye vichwa, anasoma yanayomhusu na kuendelea na kazi.

Jambo moja tu lisiandikwe hadharani: mwanya wa usalama. Programu yetu ina madeni ya wagonjwa na majina yao. Anayegundua kwamba nywila inaweza kurukwa asiitangaze kundini kabla haijazibwa. Iwepo anwani ya barua pepe ya siri inayosomwa na watu wawili angalau, ili mmoja akiugua mwingine ajibu. Hadi ninapoandika barua hii anwani hiyo haipo, na naomba vijana waifungue kabla ya toleo lijalo.

Aksanti kwa nafasi.

Mama wa farmasi,
Katuba, Lubumbashi