Kielelezo cha kadi ya Wapendanao yenye mfuko kitoke mapema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nitoe ombi moja: kabla ya Februari kuanza, gazeti lako lichapishe kielelezo cha kadi ya Siku ya Wapendanao yenye mfuko, ile inayokunjwa kwa karatasi ya maua na kuchomekewa ujumbe ndani. Hapa Mtwara kadi za dukani mara nyingi huja na maneno yaliyokwisha kuchapwa, tena kwa Kiingereza, na kijana anayetaka kumwandikia mchumba au mama yake kwa lugha anayoisema kila siku huachiwa kona ndogo tu ya kutia sahihi.

Karatasi ya A4 ikikatwa katikati kwa urefu hutoa vipande viwili vya sentimita 29.7 kwa 10.5. Kila kipande hugawanywa sehemu tatu zilizo sawa. Ya chini hukunjwa juu ya ile ya kati ikawa mfuko, na ya juu hushuka ikawa kifuniko. Gundi hupakwa kwenye kingo mbili za pembeni za mfuko, ukanda wa nusu sentimita, na kadi ya ndani ikatwe upana wa sentimita 9 ili isikwame. Panapohitaji uangalifu zaidi ni kwenye maua yenyewe, kwa sababu karatasi yenye ndege waliosimama upande mmoja ikilazwa ovyo, kadi ikifungwa ndege wote huonekana vichwa chini. Uso wenye maua uelekee meza na vichwa vya ndege vimwelekee mkunjaji, hapo mfuko na kifuniko vitakaa sawasawa.

Mikunjo ipitishwe kwanza rula na kalamu iliyokwisha wino, kwani karatasi nzito ikikunjwa kwa vidole pekee huchanika rangi. Februari kwetu ni mvua, na gundi ya majimaji hukunjakunja karatasi nyembamba za kufungia zawadi; uji mzito wa unga wa muhogo, ukipakwa kidogo sana na kadi zikalazwa chini ya vitabu hadi zikauke, hufaa zaidi. Anayekosa karatasi za maua atumie kalenda ya mwaka uliopita, au achore mwenyewe pindo na mji (sehemu ya katikati) kama wa kanga, na jina, yaani maneno ya ujumbe, aliandike kwenye kadi ya ndani, ambako atalisoma aliyepewa peke yake. Kwangu mimi, hapo ndipo mfuko unapoishinda kadi ya kufunua.

Kazi hii inaweza pia kuwa kipato. Mwishoni mwa miaka ya 1840, Esther Howland wa Worcester, Massachusetts, nchini Marekani, alianza kuunda kadi za Valentine kwa karatasi za nakshi, akawakusanya wanawake wenzake wakagawana kukata na kubandika, na biashara ikakua. Sioni kinachowazuia vijana wa Shangani, Chikongola au Mikindani kugawana kazi namna hiyo na kuuza kadi zao sokoni.

Ukurasa wa gazeti unatosha kubeba kipande hicho kwa ukubwa wake halisi, mistari ya kukunja ikiwa ya nukta na ya kukata ikiwa mizima, ili hata mtoto asiye na rula aweke karatasi yake juu na kufuatisha. Kikitoka wiki ya mwisho ya Januari, watakaokunja watapata muda wa kukausha kadi zao kabla ya tarehe 14.

Naomba kuwasilisha.

Msomaji wako,
Mikindani, Mtwara